Mtumishi Aliyechungulia Dirishani

Ubunifu kazini hudhaniwa kuwa kipaji cha wachache waliojaliwa akili nyingi. Historia ya Hospitali ya Mulago yaonyesha vingine.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa mtumishi wa serikali mjini Kampala, aliitwa na daktari mwenzake kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile, ameketi majanini na mamaye. Watumishi wengi wangemaliza zamu yao wakaenda zao. Burkitt alitoka nje kumpima, kisha akarudi Mulago kupekua majalada ya wagonjwa wa zamani.

Hakuwa mtaalamu wa saratani. Alikuwa na jicho moja tu, la pili lilipotea kwa ajali ya utotoni; hata hivyo alikwisha kutumika jeshini kama tabibu katika Vita Kuu ya Pili. Kilichomfaa ni tabia: hakuona haya kuuliza. Aliziandikia hospitali nyingi za Afrika, na majibu akayatia alama katika ramani. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri majuma 10 hadi Afrika Kusini na kurudi. Walibaini kwamba ugonjwa huo hupenda penye joto na mvua, na ni nadra nyanda za baridi. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakagundua virusi katika seli zilizokuzwa kutoka vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda. Watoto kadhaa walipona kwa dawa.

Msukumo wake ulitoka ndani. Alikuwa mcha Mungu aliyeuona uganga kuwa ibada. Mshahara wa kutosha ni haki ya kila mtumishi, wala njaa haizai fikra. Lakini anayefanya kazi kwa kumwogopa mkubwa tu hachungulii dirishani.

Ndivyo ilivyo pia katika bohari ya kikosi na katika kituo cha polisi. Koplo aulizaye kwa nini hesabu moja yaandikwa katika madaftari matatu asihesabiwe mkaidi. Amri ya vitani haijadiliwi, ni kweli. Bali bohari si uwanja wa vita. Akikemewa leo, kesho ataliona paa linavuja juu ya magunia ya unga, naye atanyamaza.