Wingi wa viti Bungeni na kura ya mbunge visiwani

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, kila uchaguzi ukikaribia watu huuliza: je, CCM itabaki na wingi wake katika Bunge la Muungano? Kwa uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 hesabu ilikuwa wazi: ingebaki nao. La maana kwetu ni kujua wingi huo unatoka wapi, na mwisho wake ni wapi.

Unatoka bara, hasa vijijini. Tuchukue kata ya Bungu, wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga. Kata hiyo imo katika jimbo la Korogwe Vijijini. Mwaka 2018, baada ya mbunge wake Stephen Ngonyani kufariki, mgombea wa CCM alipita bila kupingwa. Watu wa Bungu wakapata mbunge pasina kupiga kura hata moja.

Mwaka 2020 CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264. Mwaka 2025 majimbo yalikuwa 272: bara 222, Zanzibar 50. CHADEMA hakikuwemo, kwani Tume ilitangaza mwezi wa Aprili kuwa hakitashiriki kwa kutosaini kanuni za maadili. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2024 imeondoa kupita bila kupingwa. Mgombea aliye peke yake sasa hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Hata hivyo, lau wapinzani wangeshinda majimbo yote 50 ya visiwani, wingi usingeondoka.

Basi kura yetu ya mbunge ina kazi gani?

Ibara ya 98 ya Katiba ya Muungano inajibu. Yapo mambo ambayo hayabadiliki kwa wingi wa Bunge zima: kuwepo kwa Muungano, mamlaka ya Serikali ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano, idadi ya wabunge wanaotoka Zanzibar. Kwa hayo, lazima theluthi mbili ya wabunge wa bara wakubali, na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar nao wakubali. Zaidi ya theluthi moja ya wa kwetu wakikataa, jambo limekwama, hata bara yote ikiwa imekubali.

Na visiwani ushindani umewahi kuwa wa karibu mno. Mwaka 1995 CCM ilipata viti 26 vya majimbo katika Baraza la Wawakilishi, CUF 24.

Siku ya kura wengi wetu huwaza Rais wa Zanzibar na mwakilishi. Karatasi ya mbunge hutiwa alama kwa haraka. Hiyo nayo ni amana. Kabla ya siku hiyo, mwulizeni mgombea wa chama chochote: yakija mambo ya ibara ya 98, utasimama wapi? Na tuulizane kwa upole majumbani mwetu, kwani uchaguzi hupita, udugu hubaki.