Kabla ya Kumwambia Apunguze Mawazo, Mume Apimwe

Mwanamke wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, akifikisha miaka miwili ya ndoa bila kushika mimba, hakosi washauri. Mama mkwe, mawifi, majirani wa sokoni, hata muuza dawa, wote humwambia neno lile lile: punguza mawazo, mtoto atakuja.

Wanamtakia mema, lakini wanamwongezea mzigo. Sasa anaamini kwamba ni kichwa chake kinachofunga kizazi chake.

Utafiti hauwaungi mkono. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 14 zenye wanawake 3,583 waliokuwa wakitibiwa ugumba. Waliokuwa na wasiwasi kabla ya matibabu hawakuwa na nafasi ndogo ya kushika mimba kuliko waliotulia. Ni kweli kwamba msongo mkali, hasa ukiandamana na njaa na kukonda, huweza kusimamisha hedhi, na wilaya ya Koboko, inayohifadhi wakimbizi katika makazi ya Lobule, haifai kulipuuza hilo. Hata hivyo, barani Afrika kisababishi kikubwa cha ugumba ni mirija ya uzazi iliyoziba kwa maambukizi: kisonono au klamidia isiyotibiwa, ama maambukizi ya baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Na katika takriban nusu ya visa, mwanamume naye ana tatizo.

Mateso ya moyo yapo, tena makubwa, ila mara nyingi huja baada ya ugumba. Mwaka 1993 Alice Domar na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa wasiwasi na huzuni ya wanawake wenye ugumba vilikaribiana na vya wagonjwa wa saratani. Kwa Walugbara na Wakakwa, makabila ya eneo hili, ng'ombe wa mahari huongeza uchungu huo. Mahakama ya Juu ya Uganda ilipiga marufuku kurudisha mahari ndoa inapovunjika, mnamo Agosti 6, 2015, lakini masimango ya ukweni hayangoji hukumu.

Mara nyingi mwanamke huingia kliniki peke yake, daftari la shule mkononi ndilo faili lake: vipimo vyake vimejaa kurasa nzima, vya mumewe hakuna hata mstari. Hospitali ya Rufaa ya Arua na vituo vya Koboko viwaite wote wawili siku moja, na mshauri nasaha awepo hapo hapo. Nanyi akina baba, kapimeni mbegu kabla ya kutafuta mke wa pili.