Tusiuzime Uvimbe Kabla ya Kumjua Aliyeuwasha

Mgonjwa afikapo zahanati akiwa na homa na vifundo vya miguu vilivyovimba, huwa na ombi moja: apewe dawa ya kuondoa uvimbe. Ombi hilo ni la haki, kwani maumivu hayangoji. Lakini mara nyingi jibu tunalompa ni la pupa. Kipimo cha malaria kisipoonyesha vimelea, huandikiwa antibiotiki. Na uvimbe usipopungua, yeye mwenyewe huenda duka la dawa kununua vidonge vya prednisoloni. Naamini makosa haya mawili yana chanzo kimoja: tunauona uvimbe kuwa ndio ugonjwa, ilhali uvimbe huu, ambao si ule wa saratani, ni jibu la mwili kwa ugonjwa.

Seli inaposhambuliwa na virusi au bakteria, hutoa protini ndogo ziitwazo kemokini. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kemokini ndizo mbiu hiyo. Huwa nyingi zaidi palipo na madhara na hupungua kadiri ya umbali. Seli nyeupe za damu hufuata mkondo huo, hupenya kuta za mishipa na kukusanyika mahali palipoathirika. Maji nayo huvuja kutoka mishipani, na hapo ndipo tunapoona joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Katika mwili wa binadamu zimetambuliwa kemokini takriban 50, na kila moja ina askari wake. CXCL8, iliyotambuliwa mwaka 1987, huita hasa nyutrofili, seli zinazomeza bakteria na ambazo mabaki yake hufanya usaha. CCL2 huita monositi. CXCL10 huita limfositi, ambazo baadhi yake huua seli zilizokwisha kutekwa na virusi. Ndiyo maana jipu la bakteria hujaa usaha, na kiungo kilichovimba kwa virusi kwa kawaida hakina usaha.

Sisi tulioko Chuno hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Katika miaka ya 1952 na 1953, homa ya ajabu ilienea Newala, juu ya uwanda wa Makonde, humu humu mkoani kwetu. Wagonjwa walishikwa na maumivu makali ya viungo hata wakashindwa kusimama wima. Ugonjwa huo ukaitwa chikungunya, neno la Kimakonde linaloeleza jinsi unavyoupinda mwili, na ndilo jina ambalo dunia nzima hulitumia leo. Virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko ule. Leo tunajua kwamba vinapoingia katika tishu za viungo, CCL2 huongezeka na monositi humiminika humo. Kwa kawaida virusi huondoka katika damu baada ya wiki moja hivi, lakini kwa baadhi ya wagonjwa maumivu hudumu miezi kadhaa, hata zaidi. Antibiotiki haina la kufanya hapo.

Basi, kwa nini tusiinyamazishe mbiu yenyewe? Watafiti walijaribu kwa panya waliokosa CCR2, kipokezi ambacho CCL2 hukitumia kuita monositi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, panya hao walipoambukizwa chikungunya, viungo vyao viliharibika zaidi, kwa kuwa nyutrofili ziliingia mahali pa monositi. Nao UVIKO-19 ulitufundisha jambo linalofanana na hilo. Utafiti wa RECOVERY uliofanyika Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo kwa wagonjwa waliohitaji oksijeni, lakini haikuwafaidi wale wasioihitaji. Dawa ni ile ile; tofauti ilikuwa hali ya mgonjwa. Kifua kikuu nacho hutuonya: seli zilizoitwa na kemokini huwazingira bakteria na kuwafungia ndani ya mapafu, na steroidi zikitumiwa kiholela huweza kuulegeza mzingo huo, ugonjwa uliolala ukaamka.

Sisemi kwamba steroidi ni dawa mbaya. Nasema zitolewe na anayejua ni nini kilichouwasha uvimbe, na mgonjwa amefika hatua gani.

Kwa wenzangu watoa huduma: tuhesabu viungo kabla ya kuandika dawa. Viungo vingi vilivyouma kwa pamoja, pande zote mbili, pamoja na homa ya ghafla, hutuelekeza kwenye virusi. Kiungo kimoja chekundu, chenye joto, kisichokunjika, chaweza kuwa na bakteria. Hiyo ni dharura, kwani kiungo huweza kuharibika ndani ya siku chache. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mgonjwa: tumia parasetamoli kwa kipimo ulichoelekezwa, kunywa maji ya kutosha, na pumzika. Usimeze aspirini wala diklofenaki kabla haijathibitika kwamba huna dengue, kwa sababu homa hiyo hufanana na chikungunya na huweza kusababisha kutoka damu. Funika mapipa na ndoo za maji nyumbani, kwa kuwa mbu anayeeneza magonjwa haya mawili huzaliana humo na huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

Zaidi ya yote, mgonjwa aambiwe ukweli kabla hajaondoka: maumivu yanaweza kubaki hata baada ya virusi kutoweka, na hilo si dalili kwamba dawa ni dhaifu. Maelezo hayo huchukua dakika mbili. Asipoyapata kwetu, atayatafuta dukani, na huko atauziwa vidonge.