Harufu ya Dumu la Plastiki

Katika delta ya Rufiji, ambako maji ya bahari hupanda mitoni wakati wa bamvua na kuvitia chumvi baadhi ya visima, maji ya kunywa husafirishwa kwa mitumbwi ndani ya madumu ya plastiki. Dumu linalonuka huoshwa kwa mchanga na sabuni. Harufu ikipungua, huhesabiwa kuwa safi. Hesabu hiyo ina kasoro.

Plastiki si kama kioo. Mafuta ya taa na dawa za kuulia magugu huweza kupenya ndani ya ukuta wa dumu, kisha kurudi polepole katika maji, hasa dumu likikaa juani.

Pua nayo si mzani. Mafuta ya taa hunuka hata yakiwa machache, lakini fithaleti, yaani vilainishi vya plastiki ya PVC, karibu hazina harufu. Hata hivyo, mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulizuia baadhi yake katika vitu vya kuchezea watoto, kwa kuhofia madhara ya uzazi. Basi harufu yatosha kuwa sababu ya kukataa chombo, bali kukosekana kwake si hati ya usalama.

Hapana budi shule za sekondari za Kibiti na Rufiji zilifundishe jambo hili katika kemia. Namba iliyopigwa chini ya chombo hutaja aina ya plastiki: 2 na 5 hutumika sana kwa vyakula, 3 ni PVC. Lakini namba haisemi dumu lilibeba nini jana. Hilo ndilo swali la kwanza kwa muuzaji. Naye asipojua, dumu hilo lisitiwe maji ya kunywa.