Gunia lipi? Maneno machache kwa waandishi wa API wa Bongo

Jamani, leo nina hasira kidogo. Nivumilieni.

Wiki iliyopita nilikuwa Lukozi, mbele ya Magamba, kule wilayani Lushoto ambako malori ya mboga hupakia kwenda Dar. Kuna washikaji fulani (siwataji, wenyewe watajijua) wametengeneza huduma ya bei za mazao, wakaifungulia API ili hata wakala wa akili unde aweze kuiuliza. Nikamtuma wakala aliyemo kwenye simu yangu aniulizie bei ya viazi. Akanitajia bei ya gunia bila hata kupepesa. Nikamsomea mama mmoja mkulima aliyekuwa amekaa juu ya mzigo wake akisubiri mnunuzi. Akanitazama kwa huruma.

"Gunia lipi, mwanangu? La kilo mia au lumbesa?"

Sikuwa na jibu, na wakala wangu hakuwa nalo pia. Kwa wale mliozaliwa mjini: lumbesa ni gunia lililojazwa likafurika, likawekewa kilemba juu na kufungwa kwa kamba. Wakala wa Vipimo wamelipiga vita miaka nenda rudi kwa Sheria ya Vipimo, Sura 340, wakitaka kifungashio kisizidi kilo 100, kwa sababu mkulima huuza lumbesa kwa bei ya gunia moja na kinachozidi kinaondoka bure. Kwa hiyo swali la yule mama halikuwa dogo. Lilikuwa swali la kama anaibiwa au haibiwi.

Nikarudi Lushoto mjini, nikafungua maelezo ya ile API. Kuna sehemu imeandikwa "bei". Ukitafuta maana yake unakuta: "bei ya zao". Nyingine "zao", maana yake: "jina la zao". Basi. Ndiyo maelezo hayo! Viazi mviringo au vitamu? Hoho je? Huku Usambara hoho ni zile zisizowasha; vuka uende Zanzibar, kuna watu wakisikia pilipili hoho wanafikiria zile kali, na hizi zetu wanaziita pilipili boga.

Najua mtakachosema. "Akili unde ina akili, itaelewa yenyewe." Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Wakala hana macho ya kuona gunia. Tangu OpenAI walipoweka uwezo wa kuita zana kwenye API yao Juni 2023, na Anthropic walipotoa itifaki ya MCP Novemba 2024, utaratibu ni ule ule: modeli inapewa jina la zana, maelezo yake, na orodha ya vitu vya kujaza. Hayo ndiyo macho yake. Mtaalamu wa kompyuta akikuta "bei ya zao" atakupigia simu, atakutukana kidogo, mtaelewana. Wakala hana namba yako. Atakisia, halafu atamwambia mkulima kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Tuje kwenye saa, maana hapa ndipo tunapojimaliza wenyewe. Basi la alfajiri kutoka Lushoto linaondoka saa 12. Kila abiria anajua ni saa 12 asubuhi. Mwandishi wa programu akiingiza "12:00" kwenye mfumo wake bila kusema ni saa ya Kiswahili, wakala atamleta abiria stendi adhuhuri, basi likiwa limeshapita Mombo zamani. Na hata ukiandika saa ya kimataifa, sema ni ya Afrika Mashariki au ya UTC, maana hapo kuna tofauti ya saa 3 nyingine. Mnadhani ni mambo madogo? NASA walipoteza chombo chao cha Mars Climate Orbiter Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Na wale walikuwa binadamu, wamesoma, wanakaa vikaoni.

Kwenye pesa ndiyo balaa. Chukua Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom Kenya. Ukituma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, jibu la kwanza likirudi na 0 maana yake ni kwamba ombi limepokelewa. Mteja bado hajalipa! Matokeo yenyewe huja baadaye, kwa njia nyingine, na akiwa ameghairi unapata 1032. Sasa wewe unaijengea zana juu yake, unaiita "lipa", unaandika "hulipia bidhaa", unamkabidhi wakala. Ataona 0, atasema "malipo yamekamilika", viazi vitapakiwa. Au mtandao unakatika, zana yako inarudisha "hitilafu imetokea", wakala anajaribu tena, na tena. Je, kurudia kunakata pesa mara mbili? Hukuandika. Sentensi moja tu ingetosha: usirudie kabla ya kuangalia hali ya ombi la kwanza.

Mnaniudhi zaidi mnaposema hamna muda. Muda wa kuchora nembo mlikuwa nao, nimeiona, ina jani la kijani. Kuandika "bei kwa shilingi za Tanzania, kwa gunia lisilozidi kilo 100, soko la Lukozi, tarehe ya kukusanywa" ni dakika mbili. Kama hamjui kipimo kilichotumika, andikeni kwamba kipimo hakijulikani. Wakala atamwambia mkulima hivyo hivyo, naye atajua la kufanya.

Nimewaandikia wale washikaji. Mmoja amenijibu kwamba wakusanyaji wao wa bei hawaulizi aina ya gunia, wanaandika tu namba wanayotajiwa. Yaani hata wao wenyewe hawajui.