Mgeni wa Shela Analala kwa Nani?

Kila shule zinapofungwa, na kila mwezi wa Mfunguo Sita unapoandama, swali moja huzuka katika baraza za Mombasa na Malindi: tukienda Lamu mwaka huu, tufikie wapi? Zamani swali hili halikuwako. Mtu alikuwa na shangazi yake Mkomani au mwana wa ami yake Langoni. Akishuka gatini alijua mlango wa kubishia hodi, na kabla hajakaa mkeka umekwisha tandikwa. Leo shangazi mwenyewe amehamia Mombasa kwa wanawe, nyumba imegawanywa katika mirathi, na watoto wetu wanataka bahari na si mikeka. Basi kila mmoja anashika simu yake akitazama picha za nyumba, na ile yenye bwawa la kuogelea juu ya dari ndiyo inayopendwa kuliko zote.

Mimi sikemei matembezi. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kuwapeleka ahali zake wakapunge upepo. Lakini kisiwani, mahali pa kulala si jambo la kitanda na bei peke yake. Nyumba uingiayo ndiyo iamuayo nani atakula kwa safari yako, maji ya nani utayaoga, na ua wa nani utauchungulia ukiwa umekaa unakunywa chai. Haya ndiyo niliyotaka tuyazungumze, ewe msomaji.

Kwanza tuujue mji na pwani yake, kwani wengi hudanganyika kwa picha. Mji wa Lamu wenyewe hauna ufuo wa kuogea. Mbele yake pana gati na majahazi, na maji yakipwa huonekana tope. Ufuo uko Shela, yapata kilomita tatu kusini. Kwa miguu ni kiasi cha dakika arubaini au zaidi kidogo, na bamvua likijaa sehemu ya njia humezwa na maji, ikakubidi kupanda boti. Ukiupita mji wa Shela ndipo unapoanza ule mchanga mweupe wa kilomita zipatazo 12, ambao hapana safu ya mahoteli iliyoufunga. Ng'ambo ya mkondo ni Manda, ndiko uliko uwanja wa ndege, na huko Ras Kitau pana mahoteli yanayotazamana na Shela. Ama upepo, usisahau kuuliza majira. Wakati wa kaskazi bahari ni ya kuogelea. Kusi likishika, mchanga wa Shela hurushwa ukauma miguu, na masika yakiingia Aprili na Mei nyingi katika nyumba za wageni hufungwa kabisa.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana watu wa Lamu si wageni wa kupokea wageni. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi kutoka Bara Arabu hakuweza kurejea mpaka kusi livume. Miezi mizima huyo yuko mjini, na alihitaji kulala. Wenyeji walitatua jambo hili katika ujenzi. Nyumba ya Kiamu ina daka, mahali pa kumkaribisha apitaye bila ya kumtia ndani. Kisha tekani, ambayo imepindwa kusudi macho ya njiani yasifike kiwandani. Kisha misana, na ndani, pa wenyewe. Mgeni wa kulala alipewa sabule, chumba cha juu chenye ngazi yake peke yake, akapanda na kushuka bila kukutana na wake wa nyumba. Alikuwa karibu kiasi cha kuletewa chakula cha moto, na mbali kiasi cha kutovunja sitara. Mtume (S.A.W.) ameifunga heshima ya mgeni na imani yenyewe, akaiweka karamu yake siku tatu, lakini katika mafunzo yale yale amekataza kumuudhi jirani. Waamu walichukua haki hizi mbili, ya mgeni na ya jirani, wakazijengea kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Nyumba zilipanda juu, naam, hata wikio likavuka njia kuunga nyumba mbili, lakini dirisha halikufunguliwa kumtazama jirani uani mwake.

Huo ndio mizani ninaoutumia kuipima Shela ya leo.

Shela haikuwa mahali pa anasa. Ni mji wa waliotoka Takwa, huko Manda, mji ulioachwa katika karne ya 17. Na mpaka leo watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kuomba mvua penye kaburi lenye mnara. Karne ya 19 Shela ilistawi, na msikiti wake wa Ijumaa wenye mnara, uliojengwa mwaka 1829, ungali umesimama. Kisha ikapooza, nyumba zikabomoka, miti ikaota vyumbani. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa 1967, na kuanzia miaka ya 1980 na 1990 Wazungu wakaanza kununua magofu. Haki isemwe: wengi wao walijenga vizuri. Mafundi wa chokaa na wachongaji wa milango, ambao ufundi wao ulikuwa unakufa, walipata kazi, na vijana wakajifunza kwao. Mzee aliyekuwa na gofu lisilomletea senti alipata fedha, akahiji, akaozesha wanawe. Nani atamlaumu?

Ila fedha ya kuuza huja mara moja. Nyumba iliyouzwa leo inakodishwa kwa juma zima kwa bei ambayo mwenye kuiuza hakuiota, na kodi hiyo aghalabu huishia katika benki za Ulaya. Mjukuu wa mwenye nyumba ndiye mpishi au baharia wa mashua. Kazi si aibu, lakini mpishi hana sauti ghorofa ngapi zipandishwe. Na zinapandishwa! Kila mwenye kununua anataka kuiona bahari, na mwenzake aliye nyuma yake anataka kuiona kwa kumruka wa mbele. Juu kabisa huwekwa baraza ya makuti na magodoro, ambako mgeni hujilaza na nguo zake za kuogelea, na chini yake ni kiwanda cha jirani, mama wa watu anakuna nazi kichwa wazi akidhani yuko kwake. Mgeni hana habari. Yeye anatazama machweo. Lakini huyo mama, aliyeolewa katika nyumba ile na kuzaa humo, sasa anajifunika uani mwake kama aliye sokoni. Haya hayaandikwi katika matangazo ya nyumba za kukodi.

Jambo la pili ni maji. Visima vinavyounywesha mji wa Lamu viko Shela, katika vilima vya mchanga nyuma ya ufuo. Mvua huzama mchangani ikakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiteka pole pole, maji ni matamu. Ukivuta kwa pupa, chumvi hupanda, na haishuki upesi. Vilima hivyo vimehifadhiwa kwa ajili hiyo, na mabishano ya kujenga juu yake hayajapata kwisha. Nyumba ya kale ilikuwa na birika chooni, na ndani ya birika visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na mtu akaoga kwa kata. Leo bwawa moja la darini linahitaji maji ya nyumba ngapi? Manda ndiyo onyo letu, kwani haina maji matamu ya kutegemewa, na wenye elimu ya magofu wanadhani hiyo ni mojawapo ya sababu za Takwa kuhamwa.

Wako watakaosema: mwandishi huyu anataka kufukuza watalii. La hasha. Lamu iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, na bila wageni haiendi. Tumekwisha onja ukosefu wao. Septemba 2011 watalii walishambuliwa Kiwayu, na Oktoba mwanamke wa Kifaransa akatekwa Manda, asirudi hai. Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, na Julai serikali ikaweka kafyu ya usiku, hata wavuvi wa usiku wakafungiwa bahari. Kisha 2020 ikaja korona. Kila mara nchi za Ulaya zilipowaonya raia wao, majumba makubwa ya Shela yalizimwa taa na wapishi wakarudi kwao. Tena bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, imechafua maeneo ya uvuvi. Mahakama iliwapa wavuvi zaidi ya 4,000 fidia ya shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018. Kijana ambaye babake alivua, sasa anategemea mgeni. Ndiyo maana nauliza habari ya mgeni anayelala wapi. Na mgeni ambaye hakuogopeshwa na matangazo ya London alikuwa nani? Ni yule wa Mombasa, Malindi na Nairobi, aliyepanda basi kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe. Ni wewe, msomaji.

Si Lamu peke yake yenye mashaka haya. Visiwa vya Maldivi ni vya Waislamu watupu, na Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, baadaye alikuwa kadhi huko. Wao walipoanza utalii mwaka 1972 walichagua njia ya kuta: mgeni alipelekwa kisiwa kisichokaa watu, hoteli moja kisiwa kimoja, na ulevi wake na mavazi yake yakabaki huko. Dini ilihifadhika, lakini mwananchi wa kawaida hakupata cha kuuza isipokuwa jasho lake. Baada ya Mohamed Nasheed kushika urais mwishoni mwa 2008, mlango ulifunguliwa kwa wenyeji kuweka nyumba ndogo za wageni katika visiwa vyao wenyewe. Kisiwa cha Maafushi, kilichojulikana kwa jela yake, kikajaa nyumba za wageni. Hapo hauzwi ulevi, na mwenye kutaka kuvaa nguo za kuogelea ametengewa sehemu yake ya ufuo. Hawakosi matatizo, na wako wanaolalamika kwamba vijana wameharibika. Lakini mwenye nyumba ni mwenyeji, na masharti ni yake. Hiyo ni sabule kwa sura nyingine.

Methali yetu yasema mgeni njoo mwenyeji apone. Apone wapi, ikiwa mwenyeji wa mgeni ni kampuni iliyoko ng'ambo?

Basi kwa rai yangu, anayekwenda Lamu kwa Maulidi na afikie mjini, karibu na Riyadha kwa Habib Swaleh, na aitafute nyumba ya mwenyeji huko Langoni au Mkomani. Ziko, nyingine nzuri sana, na ufuo utaufuata kwa boti asubuhi ukarudi kwa chakula. Mwenye watoto wa kuogelea, Shela itamfaa zaidi. Lakini asimwachie dalali wa gatini kumchagulia, maana dalali humpeleka mtu penye udalali mkubwa. Aulize mapema kwa simu: nyumba ni ya nani, na kodi analipwa nani? Samaki atanunuliwa kwa mvuvi wa hapo, au atakuja na barafu kutoka mbali? Darini kuna ukuta wa kumsitiri jirani? Mwenye nyumba mwema hachukizwi na maswali haya. Huyafurahia, kwani yanamtambulisha mgeni.

Kwa jamaa wenye mabinti, hakuna kilicho bora kuliko nyumba nzima yenye kiwanda. Hotelini utakula ukitazamwa, na wanawake wako watafunga mitandio saa zote. Kiwandani wamepumzika. Wakitaka bahari, waende baada ya alasiri wakavuke ile sehemu ya kwanza yenye watu; mbele ufuo ni mrefu na mtupu, buibui na mawimbi tu, ila wasizame mbali mkondo ukivuta, na wasiende peke yao.

Na mwenye mkono mfupi namnong'oneza: nenda Juni au Septemba. Upepo upo, lakini bei zimeshuka, na mpishi ambaye Desemba hana nafasi ya kukutazama atakupikia wali wa nazi na papa wa kukaanga kama unaopikiwa kwenu. Akikwambia nyumba yake haina bwawa, na kwamba maji ya kuoga ni ya birikani, mkubalie. Ila muulize kata ziko ngapi, kama watoto wako ni wanne.