Keki juu mkaa, chini uji!

Kama uko Mbeya au Iringa najua unanisoma ukiwa ndani ya sweta, kwa hiyo sogea karibu na jiko. Leo tunaliongelea jiko lenyewe, hasa lile tumbo lake liitwalo oveni.

Ilikuwa Jumatano moja ya Julai 2024, saa tatu usiku. Simu ikaita, kumbe ni shangazi yangu wa Kihesa, Iringa. Kwa kawaida shangazi akipiga anaanza na "kamwene", halafu anaulizia hali ya kila mtu hadi kuku. Siku hiyo hakuna cha kamwene wala nini.

"Mwanangu, nimekwisha! Keki juu mkaa, chini uji."

Ngoja nikupe picha kamili. Shangazi ni mjane na anaishi kwa keki za oda. Binamu yangu yuko shule ya kulipia na ada yake inatoka humo humo kwenye oveni. Jumamosi ile kulikuwa na kipaimara cha watu, keki tatu, na shangazi alishapokea nusu ya malipo. Hiyo nusu ilishafika shuleni zamani. Fundi mmoja alishakuja, akainama, akaguna, akatamka kwamba elementi ya chini imekufa na zinatakiwa shilingi 85,000. Shangazi alikuwa mbioni kwenda kukopa kwenye kikoba.

Nikamwambia, "Shangazi shikamoo, usikope. Kesho nakuja." Sikuwa na uhakika wowote, jamani. Ila mwenzenu nilishachemsha na oveni mpaka nikajifunza kwa lazima.

Alhamisi alfajiri nikadandia basi la kutoka Mbeya, Makambako hiyo, Mafinga hiyo, nikashuka Igumbilo mchana. Kitu cha kwanza nilichotazama hakikuwa elementi bali ile swichi ya kuchagulia moto. Oveni nyingi za umeme zina moto wa juu na wa chini, na pale kwenye swichi kuna vialama: kistari juu, kistari chini, au vyote viwili. Swichi ya shangazi ilikuwa nyeupe peeee! Vialama vyote vilishasuguliwa kwa steliwaya miaka nenda rudi. Shangazi alikuwa anazungusha kwa mazoea tu, na wiki ile binti wa kazi alikuwa mgeni, kila akifuta jiko anaiacha swichi pengine.

Nikaiwasha oveni tupu, nikazungusha hatua moja baada ya nyingine, kila hatua dakika tano, nafungua kidogo nasikilizia joto kwa mkono bila kugusa chuma. Hatua ya tatu, chini kukawaka. Elementi nzima kama ilivyotoka dukani! Shangazi akakaa kwenye kigoda, akacheka, halafu akalia kidogo.

Sasa msomaji wangu, isije ikawa kwako chini hakuwaki kweli. Hapo zima mein swichi, siyo kitufe cha jiko, halafu mwite fundi mwenye mita na usimame pembeni yake. Elementi ya wati 1,200 kwenye umeme wa volti 230 inatakiwa isome omu 44 hivi. Mita ikikaa kimya, kweli imekatika, toa hela. Ikisoma vizuri na fundi bado anadai imekufa, mpe chai aondoke zake. Na kama oveni ikiwashwa tu breka inaanguka nyumba nzima giza, mara nyingi elementi imenyonya unyevu kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, au ganda lake limepasuka na umeme unavuja kwenye bodi. Ukigusa jiko likakutekenya, ndugu yangu, hilo siyo jiko tena. Chomoa, likae hadi fundi aje.

Basi jioni ile tukachanganya unga kwa mbwembwe zote. Saa moja usiku keki ndani. Saa mbili na robo bado imelala kama chapati. Nikahisi jasho kwenye baridi ya Iringa! Shangazi hasemi kitu, ananitazama tu, na huo ni mtazamo mbaya kuliko matusi.

Nikatupa macho kwenye taa: nyekundu, imefifia. Umeme ulikuwa mdogo. Jioni kila nyumba inapika, inapasha maji, inapiga pasi. Na usidhani volti zikipungua kidogo joto nalo linapungua kidogo. Volti 230 zikishuka hadi 180, elementi ya wati 2,000 inabaki na nguvu ya wati 1,225 tu! Oveni kama hiyo inahangaika kufika nyuzi 180 na keki inakauka kabla ya kuiva. Juu ya hapo, jiko lilichomekwa kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Nikaigusa, ya moto! Wati 2,000 zinavuta ampea karibu 9. Waya ule ungeweza kutuunguza sisi, keki na kipaimara chenyewe. Nikaing'oa, nikachomeka jiko moja kwa moja kwenye soketi nzima ya ukutani.

Ile keki ya jioni tukaila na chai. Ilikuwa mbaya.

Tukakubaliana kuamka saa kumi na moja alfajiri, umeme ukiwa umetulia. Usiku huo huo nikapima mengine. Raba ya mlango: funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, kivute. Kikitoka kirahisi, raba imechoka na joto linakimbilia jikoni. Ya shangazi ilichoka upande wa bawaba, tukaitoa, tukaiosha mafuta yaliyoganda, ikabana tena. Kisha themostati. Kipimajoto hatukuwa nacho, tukatumia sukari. Weka kijiko cha sukari kwenye foili, oveni nyuzi 175, robo saa: inatakiwa ibaki nyeupe. Pandisha hadi 190, robo saa nyingine: inatakiwa iyeyuke, maana sukari huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Yetu iligoma hadi namba ilipofika 205. Kwa hiyo oveni ile ina uongo wa nyuzi kumi na tano, na ukishaujua uongo wa mtu unaishi naye.

Hapa nikumbushie na kimbembe changu cha Mbeya, maana kuna dada ataniuliza mbona keki yangu inapanda halafu inatumbukia katikati. Mimi nilitupa keki nne nikilaani oveni, kumbe oveni haina kosa. Nilikuwa napika kwa vipimo vya rafiki yangu wa Dar. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Keki inaumuka haraka mno, inapasua kabla haijashika, inaanguka. Punguza beking pauda, palipo kijiko weka robo tatu, ongeza maziwa kijiko kimoja au viwili, pandisha joto nyuzi kumi. Na acha kuchungulia! Shangazi yeye vipimo vyake ni vya Iringa tangu usichana wake, hakuna wa kumfundisha.

Ijumaa alfajiri umeme mweupe, taa kali. Oveni tukaipasha dakika 20 ikiwa tupu, namba tukaiweka 195 ili tupate 180 ya kweli. Keki ya kwanza ndani. Dakika 40 hakuna aliyeongea. Shangazi akachoma kijiti, kikatoka kikavu. Akasema "haya" moja tu, akachukua bakuli la pili.

Saa nne fundi akapita kuulizia ile 85,000. Akanusa, akaziona keki mbili mezani, akauliza elementi tumeinunua duka gani. Shangazi akamkaribisha chai.

Kabla sijaondoka, binamu alitoa rangi yake ya kucha, nyekundu, tukaweka nukta tatu kwenye swichi: moja juu, moja chini, na kubwa ya zote mbili. Jumamosi usiku nikiwa Mbeya nikapokea ujumbe: nusu iliyobaki imelipwa, na mwenye sherehe anataka keki nyingine ya Agosti.